Kuhesabu Pomboo wa Kisite: Elimu ya Bahari na Wajibu wa Kiswahili

Makala haya yanakusudia kueleza namna wanyama wa baharini wasiotulia mahali pamoja wanavyohesabiwa, na kwa nini hesabu hiyo inamhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Mfano wetu ni pomboo wa Kisite na Mpunguti, karibu na Shimoni na kisiwa cha Wasini, kusini mwa Kwale.

Hifadhi ya Kisite ina kilomita za mraba 28, na uvuvi umepigwa marufuku humo. Mpunguti, yenye kilomita za mraba 11, huruhusu uvuvi wa kienyeji. Zote mbili husimamiwa na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).

Mvuvi akiona pomboo kumi asubuhi na kumi jioni, je, ni ishirini au ni wale wale? Ili kulijibu swali hili, kati ya 2006 na 2009 watafiti walipiga picha mapezi ya mgongoni ya pomboo wa eneo hili. Mapezi mengi huwa na mikato na makovu yanayomtofautisha mnyama mmoja na mwingine. Iwapo wengi wanaoonekana safari ya pili walikwisha kupigwa picha safari ya kwanza, idadi yao ni ndogo. Wakiwa wageni wengi, idadi ni kubwa. Nyangumi weupe wa Aktiki, kwa kuwa hawana pezi hilo, hutambuliwa kwa alama za ubavuni.

Hesabu hii si ya anasa. Pomboo jike hubeba mimba takriban mwaka mmoja na kwa kawaida huzaa mwana mmoja. Hupumua kwa mapafu. Akinaswa katika jarife asiweze kuibuka, hufa. Kundi dogo likipoteza wachache tu kila mwaka, pengo halizibiki upesi. Hali kadhalika, mashua za watalii zikiwafukuza, hukatizwa kula, kupumzika na kunyonyesha. Aidha, pomboo huvuka mipaka ya hifadhi, hivyo usalama wao umo pia mikononi mwa manahodha na wavuvi walio nje yake.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Katika maji hayo wamo pomboo wa pua ya chupa na pomboo wenye nundu. Hawa wa pili wameorodheshwa kimataifa kuwa wamo hatarini kutoweka. Hata hivyo, aghalabu kamusi zetu huwakusanya wote chini ya jina moja: pomboo. Mvuvi akiripoti kuwa pomboo amenaswa, msikilizaji hawezi kujua ni wa aina ipi, na taarifa muhimu hupotea. Nazo ripoti nyingi za utafiti zimeandikwa kwa Kiingereza, zisimfikie nahodha wa Shimoni.

Yafaa basi wanafunzi wa isimu waende Wasini na Vanga, wakae na wavuvi wasemao Kivumba, wakusanye istilahi zao za bahari kabla ya kubuni mpya. Mwenye kutakiwa kumlinda mnyama hana budi kwanza kuelezwa habari zake kwa lugha aielewayo.