Walipelekwa Beijing wakaonyeshwa mlima

Picha yenyewe haina uzuri. Ni nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mende, na aliyeipiga mkono ulimtetemeka. Vijana tisa wa Kiafrika, wamejifunika makoti mazito ya pamba hadi magotini, wamesimama mahali ambapo njia mbili za reli zinakutana ubavuni mwa mlima. Nyuma yao, juu kabisa, unaonekana Ukuta Mkuu wa China. Hakuna hata mmoja anayeutazama. Wote wameinamia mataruma.

Hapo ndipo nilipokwama. Mtu akifika kwenye ukuta ambao dunia nzima inatamani kuuona, kisha akaupa mgongo ili atazame reli, ana sababu yake.

Mwenye picha ni mhandisi mstaafu wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, upande wa Njia ya Kudumu, yaani reli zenyewe na mataruma yake, anayeishi Makambako. Ameniomba nisimtaje jina kwa kuwa wengi waliomo pichani wametangulia mbele ya haki, na haoni vizuri ajitokeze peke yake kana kwamba safari ilikuwa ya mtu mmoja. Basi nitamwita Mhandisi.

Habari za reli hiyo kila mtu anazijua: mkataba wa 1967, Zambia iliyokabwa koo na Rhodesia ya Ian Smith, maelfu ya Wachina porini, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, makabidhiano ya Julai 1976. Kisichosimuliwa sana ni kwamba Juni 1972, huku milima ikiendelea kuchimbwa, vijana 200 wa Tanzania na Zambia waliandikishwa katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, jijini Beijing. Walikwenda kusomea uendeshaji wa treni, vichwa, mabehewa, simu na ishara, njia, na uhasibu. Septemba 1975 walihitimu 179.

Mhandisi alikaa huko miaka yote mitatu, lakini ukimwacha azungumze atakusimulia mwaka mmoja tu, ule wa kwanza. Mingine anaipitia haraka haraka.

"Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha, mwanangu. Asubuhi lugha, mchana lugha, usiku unaota lugha na huelewi ndoto yako mwenyewe."

Anakumbuka vipaza sauti vilivyowaamsha alfajiri, na baiskeli nyingi kiasi kwamba kuvuka barabara kulihitaji ujasiri. Anakumbuka kabichi: majira ya baridi yalipokaribia, watu walizirundika barazani na kwenye ngazi za nyumba, chakula cha miezi mizima. Anakumbuka pia watoto waliowafuata kimya kimya, mtu akigeuka wanatawanyika.

Halafu kuna habari ya unga. Wali na mikate ya mvuke havikuwashinda, ila tumbo lilikuwa na madai yake. Siku moja Mzambia mmoja aligundua kuwa wapishi wa chuo walikuwa na unga wa mahindi, wa manjano na wenye chengachenga, ambao wenyeji waliula kwa sababu mgao wa ngano na mchele haukutosha. Kwa Mbeijing ulikuwa chakula cha dhiki. Vijana waliomba sufuria. Wapishi walikusanyika kutazama wageni wa serikali wakisonga unga wa kimaskini kwa furaha kama ya harusini, na mmoja alijaribu kuwazuia, akidhani wamekosa chakula na wanaona haya kusema.

Safari ya mlimani ilikuja mwaka huo huo, baridi ilipoanza kulegea. Walipanda treni ya abiria kuelekea kaskazini-magharibi, kwenye njia ya Beijing hadi Zhangjiakou, na mwalimu wao hakuwaambia wanakwenda kuona nini. Alibeba glasi ya maji. Aliiweka kwenye kimeza cha dirishani, akachora mstari kwa penseli ya nta kuizunguka, usawa wa maji, akasema waitazame.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Nje tambarare ilipita, ndani watu walikula mbegu za alizeti. Kisha vilima vilianza kubana, treni ikapunguza mwendo, na maji yakaanza kuuacha mstari. Upande unaoelekea nyuma ya treni yalipanda juu yake, upande wa mbele yakashuka, kiasi cha unene wa sarafu. "Shilingi moja tu," Mhandisi ananionyesha kwa kucha. "Mwalimu akasema, huo unene wa shilingi ndio unaoua vichwa vya treni."

Sehemu kali ya njia ile inapanda mita 33 katika kila mita 1,000. Kwa macho ni kitu kidogo, mtoto anapanda akikimbia. Kwa chuma kinachoteleza juu ya chuma, huku kimebeba mamia ya tani, ni ukuta mwingine. Ndiyo maana treni ilifungwa vichwa viwili, kimoja mbele kikivuta, kimoja nyuma kikisukuma.

Ikafika stesheni ndogo ya Qinglongqiao, chini ya Ukuta Mkuu. Maji yalirudi kwenye mstari, maana stesheni imejengwa kwenye bapa. Treni ikasimama. Mbele hakukuwa na pa kwenda, mlima umeziba. Vijana wakadhani wamefika.

Nyuma yao, chini kidogo, mfanyakazi wa stesheni alibadilisha njia. Honi ikalia, lakini ikalia kutoka mkiani. Treni ikaanza kurudi ilikotoka, ila si kwa njia ile ile. Iliingia kwenye reli ya pili inayopanda juu ya ile waliyoijia, ikashika upande mwingine wa bonde. Kichwa cha nyuma sasa ndicho kilikuwa cha mbele. Na ndani ya glasi maji yalihama. Yalishuka pale yalipokuwa yamepanda, yakapanda pale yalipokuwa yameshuka.

"Hakuna aliyesema neno," anasema. "Tulikuwa tumesoma neno la mwinuko, tukaliandika, tukalifanyia mtihani. Siku ile ndiyo niliuona mwinuko ukitembea ndani ya glasi."

Baadaye walishushwa, wakarudishwa kwa miguu hadi pale njia mbili zinapoachana. Hapo ndipo picha ilipigwa.

Aliyebuni njia ile ni Zhan Tianyou, na habari zake ndizo zilizomkaa Mhandisi kuliko hata glasi. Mwaka 1872 serikali ya kifalme ya China ilianza kupeleka watoto Marekani kusoma, 30 kila mwaka kwa miaka minne. Zhan alikuwa katika kundi la kwanza, mtoto wa miaka 11. Aliishi New England, akasomea uhandisi Yale, akahitimu 1881. Mwaka huo huo wakubwa wa nyumbani, wakihofu kuwa watoto wanageuka Wamarekani, waliwaita wote warudi, wengi wakiwa hawajamaliza.

Na aliporudi? Zhan, msomi wa uhandisi, alipelekwa shule ya wanamaji. Alikaa miaka saba hivi akisoma na kufundisha mambo ya meli na lugha ya Kiingereza, mpaka 1888 alipopata kazi kwenye reli. Alipokabidhiwa njia ya Zhangjiakou mwaka 1905, wageni walikuwa wakisema Wachina hawaiwezi. Aliimaliza mwaka 1909 bila mhandisi wa kigeni, na juu kidogo ya Qinglongqiao akatoboa handaki la mita 1,091 chini ya Ukuta Mkuu.

Mhandisi anahesabu kwa vidole: 1872, 1972. Miaka mia kamili. Mwalimu hakulisema hilo, na hadi leo hajui kama ilikuwa makusudi. China ilikuwa na vitu vipya vya kuwaringia wageni. Kwa nini waliwaleta kwenye njia kuukuu iliyojengwa enzi za wafalme, na mtu aliyesomeshwa Marekani, tena katikati ya Mapinduzi ya Utamaduni? Nilimuuliza mara mbili. Mara zote mbili alinikaribisha chai.

Kuna mengine hakuyajibu. Kati ya 200 na 179 kuna pengo la watu 21. "Wengine waliugua, wengine nyumbani kuliwaita. Mengine yaache, mwanangu." Nimeyaacha.

Mzee, nikamuuliza, mbona kwetu hakuna njia ya kurudi nyuma kama ile, wakati Mlimba hadi Makambako ni milima mitupu? Hapo alichangamka kama kijana. Njia ya namna ile, alieleza, inafunga urefu wa treni: treni haiwezi kuzidi urefu wa bapa la stesheni, na kila safari lazima usimame ugeuze. Treni inayobeba shaba ya Zambia haiwezi kuishi hivyo. Ndiyo maana TAZARA ilichagua kutoboa na kuruka: mahandaki 22, mengi yakiwa katika kipande hicho hicho, na madaraja zaidi ya 300. Anayefika Mlimba akalalamika kuwa treni inajikokota, anasema, angewekewa glasi ya maji mezani.

Aliporejea 1975 alikuta kazi inamsubiri. Ndani ya wiki chache alikuwa njiani na gengi, pembeni yake mhandisi wa Kichina aliyekuwa akisahihisha hesabu zake na matamshi yake kwa pamoja. Upana wa reli ulikuwa tofauti na wa darasani, milimita 1,067 badala ya 1,435, lakini mlima ulikuwa ule ule. "Zhan alipoteza miaka saba. Mimi sikupoteza hata mwezi. Hiyo ndiyo tofauti, wala si akili."

Nilipomsikia nikawafikiria vijana wa leo, wanaorudi na shahada kutoka Beijing, Delhi au Istanbul, wakazunguka na bahasha za kaki maofisini hadi lugha waliyosomea inawatoka kichwani. Tunawasindikiza uwanja wa ndege kwa vigelegele. Wakirudi hatuna cha kuwapa, kisha tunashangaa miradi yetu ikiendeshwa na wageni.

Septemba 2024, jijini Beijing, nchi za China, Tanzania na Zambia zilitia saini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Yatazungumzwa mengi kuhusu vichwa vipya na mabehewa mapya. Wanaoshughulikia mradi huo tunawaomba watujibu mawili mapema: ni vijana wangapi watapelekwa kusoma, na kila mmoja wao ataripoti kazini stesheni gani siku akirudi? Kama jibu la pili halipo, waahirishe safari ya vijana hao mpaka lipatikane.