Utasa wa Nambari: Mfano wa 147,573,952,589,676,412,927

Makala haya yanachunguza istilahi moja ya hisabati, nambari tasa, kwa kutumia nambari iliyotajwa katika mada. Nambari hiyo ina tarakimu 21. Hupatikana kwa kuzizidisha mbili sitini na saba pamoja, kisha kuondoa moja.

Katika matumizi ya kawaida, tasa ni kiumbe asiyezaa. Katika hisabati, neno hili hurejelea nambari nzima iliyozidi moja na isiyogawika bila baki ila kwa moja na kwa nambari yenyewe. Saba ni tasa. Sita si tasa, kwa kuwa ni zao la mbili na tatu.

Nambari zinazoundwa kwa njia iliyoelezwa hapo juu huhadaa. Mbili tatu zikizidishwa na moja ikaondolewa, hupatikana 7, ambayo ni tasa. Mbili kumi na moja zikizidishwa vivyo hivyo, hupatikana 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Mnamo 1644, mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliorodhesha nambari za aina hii alizodai kuwa tasa, ile ya mbili sitini na saba ikiwemo. Mwaka 1876, Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, alithibitisha kuwa nambari hiyo si tasa, ingawa hakuonyesha vigawo vyake. Ikawa yajulikana kwamba ina wazazi, lakini wazazi wenyewe hawajulikani.

Oktoba 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole aliwataja mbele ya wanahisabati wenzake mjini New York: 193,707,721 na 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alikokotoa ubaoni, akaketi, nayo hadhira ikampigia makofi. Vigawo hivyo vina sifa moja: moja ikiondolewa katika kila kimoja, kinachosalia hugawika kwa 134, yaani 67 mara mbili. Kila kigawo cha nambari hii sharti kiwe hivyo, na kwa sababu hiyo mtafutaji huweza kuzitupa nambari nyingi bila kuzijaribu. Hata hivyo, kuhakiki zao hilo kwa kalamu ni kazi ya muda mfupi, ilhali kulivumbua kulichukua zaidi ya karne mbili na nusu tangu dai la Mersenne. Pengo hili baina ya kuzidisha na kutafuta vigawo ndilo linalotegemewa na baadhi ya mifumo ya kuficha ujumbe katika kompyuta.

Je, istilahi tasa inafaa? Vigawo viwili vya Cole vyote ni tasa, navyo ndivyo vilivyoizaa nambari kubwa. Aidha, kila nambari nzima iliyozidi moja ama ni tasa ama ni zao la nambari tasa. Kwa mtazamo huu, tasa ndiye mzazi wa wote. Alichokosa ni wazazi, wala si watoto. Sitiari imeupindua ukoo. Hii si sababu ya kuitupa istilahi iliyokwisha kuzoeleka, bali ni sababu ya mwalimu kuifafanua, ili neno lisimpotoshe mwanafunzi kabla ya hesabu yenyewe kuanza.