Kubadili ncha ya fimbo ya pool: Mchezaji alipe kiasi gani?

Na Mwandishi Wetu

KIPANDE cha ngozi kinachobandikwa kwenye ncha ya fimbo ya pool huwa na upana wa takriban milimita 8 hadi 13 tu, lakini ndicho sehemu pekee ya fimbo inayopaswa kuugusa mpira mweupe. Kikichakaa, hata mchezaji hodari hujikuta akikosa mipira aliyozoea kuitumbukiza.

Hata hivyo, wachezaji wengi hawana hakika ni kiasi gani cha fedha wanachopaswa kutoa pindi ngozi hiyo inapohitaji kubadilishwa.

Wapo wanaolipa fedha nyingi wakiamini kuwa ngozi ya bei kubwa itawaletea ushindi. Wapo pia wanaomkabidhi fimbo mtu yeyote mwenye wembe na gundi, ili mradi atoze kidogo.

Makundi yote mawili yanaweza kupata hasara, kwa sababu mara nyingi anacholipia mchezaji ni mkono wa fundi zaidi kuliko ngozi yenyewe.

Nchini Tanzania, mchezo wa pool umeenea katika baa na kumbi za starehe za mijini, na katika miaka ya 2010 ulikuwa na mashindano ya taifa yaliyojulikana kwa jina la Safari Pool. Mchezaji anayefikia hatua ya kununua fimbo yake mwenyewe hulazimika pia kujua namna ya kuitunza.

Ngozi na chaki

Anayetajwa na wanahistoria wa mchezo huo kuwa mwanzilishi wa ncha ya ngozi ni Mfaransa François Mingaud, mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo ncha ya fimbo ilikuwa mti mtupu, ambao uliteleza kila mchezaji alipojaribu kuupiga mpira pembeni.

Ngozi iliyopakwa chaki huushika mpira kwa muda mfupi mno wakati wa kupiga. Kushika huko ndiko kunakomwezesha mchezaji kuuzungusha mpira kushoto au kulia, au kuurudisha nyuma baada ya kugonga mwingine.

Ngozi ikishakuwa ngumu na kung'aa kama kioo, haishiki tena chaki. Ikibaki nyembamba kiasi cha milimita moja, nguvu ya pigo huanza kuingia moja kwa moja kwenye pete nyeupe iliyo chini yake, na pete hiyo inaweza kupasuka. Hapo ndipo mchezaji anapopaswa kumtafuta fundi.

Bei hutoka wapi?

Gharama ya kubadili ncha ina mafungu mawili: bei ya ngozi na ujira wa kazi.

Ngozi za kawaida, zenye kipande kimoja, ndizo za bei nafuu. Miongoni mwake ni Elk Master, ambayo ni laini, pamoja na Triangle na Le Professionnel, ambazo ni ngumu zaidi. Katika soko la Marekani, kipande kimoja cha aina hii hupatikana kwa dola chache tu.

Zipo pia ngozi za tabaka, ambazo vipande vyembamba hugandishwa pamoja kwa gundi. Kamui na Moori za Japani ni mifano inayofahamika. Kipande kimoja cha Kamui huweza kufika dola 20 au zaidi.

Faida ya ngozi ya tabaka ni kwamba hali yake hutofautiana kidogo kati ya kipande kimoja na kingine, na haitanuki pembeni upesi. Lakini haimpi mchezaji ufundi asiokuwa nao, na wapo wachezaji mahiri wanaotumia ngozi ya bei nafuu maisha yao yote.

Kwa bei za miaka ya karibuni, mafundi wengi wa Marekani hutoza takriban dola 15 hadi 30 kwa ngozi ya kawaida pamoja na kazi. Ngozi ya tabaka iliyokwisha kubandikwa huweza kugharimu dola 40 au zaidi.

Mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi hana sababu ya kulipa ujira wa Marekani, kwa kuwa kodi ya karakana na kipato cha fundi si sawa. Hata hivyo, ngozi iliyoagizwa kutoka nje haishuki bei kwa kuvuka bahari. Huongezewa nauli na ushuru.

Kwa hiyo kipimo cha haki ni hiki: bei ya ngozi kama inavyouzwa dukani, ukijumlisha ujira wa nusu saa hadi saa moja ya fundi mzoefu wa eneo husika, kama vile seremala mzuri. Anayetoza zaidi ya hapo hana budi kueleza sababu.

Kazi yenyewe

Muda huo unatokana na hatua zinazohitajika. Fundi huondoa ngozi ya zamani, husafisha gundi yote iliyobaki na kuhakikisha uso wa pete ni bapa kabisa. Kisha hukwaruza upande wa chini wa ngozi mpya ili gundi ishike, huibandika na kuiacha ikauke.

Baada ya hapo hukata ngozi iliyozidi pembeni, huipa umbo la kuba na kuisugua kando hadi iwe imara. Mwenye mashine ya kukerezea humaliza upesi na kwa usawa zaidi. Anayetumia wembe na msasa anahitaji subira.

Hatua ya kukata pembeni ndiyo yenye hatari kubwa. Msasa ukigusa mti, fimbo hupungua unene kidogo, na ikirudiwa mara kadhaa fimbo huharibika isirekebishike. Sehemu ya mbele ya fimbo ya kiwango cha juu huuzwa zaidi ya dola 100, yaani gharama ya kubadili ncha mara kadhaa.

Kwa fimbo za nyuzi za kaboni, zilizoenea katika miaka ya karibuni, fundi anaweza kudai nyongeza kwa kuwa zinahitaji uangalifu wa namna yake. Vivyo hivyo pale pete inapokuwa imepasuka: hiyo ni kazi nyingine yenye bei nyingine.

Fimbo za baa

Kwa fimbo za baa, hali ni tofauti. Mwenye meza hukusanya fedha kwa kila mchezo, hivyo kubadili ncha zilizochakaa ni sehemu ya gharama za biashara yake kama kilivyo kitambaa cha meza. Mteja hapaswi kuchangishwa kwa uchakavu wa kawaida.

Mchezaji mwenye fimbo yake anashauriwa kuuliza mambo manne kabla ya kuikabidhi: ngozi ni ya aina gani, bei yake ni kiasi gani peke yake, ujira ni kiasi gani, na nani atabeba gharama iwapo ngozi itabanduka baada ya siku chache au mti utakwaruzwa.

Fundi anayejiamini hujibu maswali hayo bila kusita, na hukubali kuonesha fimbo nyingine alizokwisha kutengeneza. Anayekwepa kuyajibu, hata bei yake iwe ndogo kiasi gani, hafai kukabidhiwa fimbo.