Triathloni: Kanuni zinazowatatiza wengi kabla ya kujitosa majini

MKENYA anayezimudu kilomita tano kwa dakika 15 huenda akadhani kwamba triathloni, mchezo unaounganisha kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, ni mteremko kwake. Hesabu haikubaliani naye.

Katika masafa mafupi ambayo waandalizi wengi wa mashindano ya kijamii huyapendelea, mshiriki huogelea mita 750, huendesha baiskeli kilomita 20 na kumalizia kwa mbio za kilomita tano. Mwenye kasi ya kilomita 40 kwa saa atamaliza awamu ya baiskeli kwa dakika 30. Anayejikokota kwa kilomita 25 kwa saa atatumia dakika 48. Pengo hilo la dakika 18 halizibiki kwa miguu, hata mkimbiaji akimwacha mpinzani wake kwa dakika 10 nzima katika awamu ya mwisho. Na hapo bado hajahesabiwa muda aliopoteza majini.

Ndiposa wanariadha walio na majina makubwa vijijini mwao hujikuta wakifika utepeni nyuma ya mwalimu wa shule au karani wa benki ambaye hajawahi kushinda mbio zozote. Wengine hawafiki kabisa, si kwa kukosa pumzi, bali kwa kutimuliwa na waamuzi kwa makosa ambayo hawakujua kuwa ni makosa.

Mchezo wenyewe si wa kale. Shindano la kwanza kuitwa kwa jina hilo liliandaliwa San Diego, Marekani, mnamo Septemba 1974, na waliojitokeza walikuwa 46 tu. Miaka minne baadaye, 1978, lile la Ironman lilianza katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, likiwa na washiriki 15, na 12 kati yao wakamaliza. Shirikisho la kimataifa, ambalo tangu 2020 hujiita World Triathlon, liliundwa 1989, na Olimpiki za Sydney za mwaka wa 2000 zikawa za kwanza kuushirikisha mchezo huu. Masafa ya Olimpiki ni mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na 10 za mbio; hayo mafupi ni nusu yake.

Katika Afrika Mashariki, mji wa Rubavu ulio kando ya Ziwa Kivu, Rwanda, uliandaa shindano la Ironman la nusu masafa mnamo Agosti 2022. Bara hili kwa jumla halijawa mgeni jukwaani: Henri Schoeman wa Afrika Kusini alitwaa nishani ya shaba katika Olimpiki za Rio 2016.

Swali la kwanza ambalo waandalizi huulizwa karibu kila mara ni iwapo mtu asiyejua kuogelea vyema anaweza kushiriki. Jibu lenye ukweli ni kwamba hapana, walau si peke yake. Kanuni hazimlazimishi mshiriki kutumia mtindo wowote maalum. Anaweza kuogelea kifudifudi, chali, au kwa mtindo wa chura. Anaruhusiwa pia kusimama penye maji mafupi, kushika boya au ubavu wa mashua ya waokoaji na kupumzika, mradi asivutwe wala kusukumwa mbele. Lakini uhuru huo haumfai asiyeweza kuimaliza mita 750 bila kugusa chini.

Takwimu za Marekani zinaeleza ni kwa nini waandalizi makini hukaza kamba hapa. Utafiti uliochapishwa 2017 ulichunguza visa vya vifo na mioyo kusimama ghafla katika triathloni za nchi hiyo kati ya 1985 na 2016. Jumla vilikuwa 135, na 90 kati ya hivyo vilitokea wakati wa kuogelea. Wengi wa walioathirika walikuwa wanaume, na wastani wa umri wao ulikaribia miaka 47. Hawakuwa chipukizi wasio na uzoefu wa maisha, bali watu wazima, baadhi yao wakiwa na maradhi ya moyo yaliyokuwa hayajagunduliwa. Fomu ya daktari ambayo washiriki hulalamika kwamba ni usumbufu na gharama bure ina maana yake, hasa kwa aliyevuka miaka 40 na kurejea mazoezini baada ya muda mrefu.

Kuogelea kwenye kidimbwi cha hoteli na kuogelea baharini ni mambo mawili tofauti. Baharini hakuna mstari chini wa kufuata wala ukuta wa kushika, na mamia ya mikono na miguu hukupigapiga mwanzoni. Ndiyo maana mashindano mengi huwaachilia washiriki kwa makundi, kila kundi likiwa na kofia za rangi yake. Asiyejiamini hushauriwa kusimama nyuma au pembeni mwa kundi lake na kuwaacha wenye haraka watangulie. Akilemewa, alale chali na kuinua mkono. Kofia yenye rangi kali ndiyo itakayomwonyesha kwa mlinzi.

Pwani ya Kenya ina masharti yake ambayo kitabu cha kanuni kilichoandikwa Ulaya hakiyataji. Wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu, na katika milango ya bahari kama Kilifi na Mtwapa mkondo huweza kumshinda hata mwogeleaji hodari. Mwandalizi anayejua kazi yake hutafuta siku ya maji mafu, akapanga kuanza wakati maji yamejaa na kutulia. Vilevile hukwepa miezi ya Kusi inapovuma kwa nguvu. Mshiriki naye ana haki ya kuuliza saa za kujaa na kupwa kabla ya kulipa ada, na mwandalizi asiyeweza kumjibu hastahili kuaminiwa na uhai wa mtu.

Bara, maswali ni mengine. Katika Ziwa Victoria kuna kichocho, maradhi yanayoletwa na vijidudu vitokavyo kwa konokono na kupenya ngozi ya binadamu majini. Aliyeogelea humo anafaa kumwona daktari wiki kadhaa baadaye hata kama hajihisi mgonjwa. Kuhusu viboko na mamba, hakuna kanuni ya triathloni inayowahusu. Wavuvi wa eneo husika ndio wa kuulizwa.

Maji yakichafuka au radi ikitanda, waandalizi wana mamlaka ya kufupisha awamu ya kuogelea au kuifuta kabisa, na shindano likageuzwa kuwa la mbio, baiskeli, kisha mbio tena. Washiriki waliosafiri kutoka mbali huudhika, na baadhi hudai kurudishiwa pesa. Wanapaswa kukumbuka yaliyotokea Paris. Mnamo Agosti 2023 mashindano ya majaribio ya walemavu yalipoteza awamu ya kuogelea kwa sababu ya hali ya maji ya mto Seine, na katika Olimpiki za 2024 fainali ya wanaume iliahirishwa kutoka Julai 30 hadi siku iliyofuata kwa sababu iyo hiyo. Ikiwa jiji lililotumia mabilioni kusafisha mto lilikubali kuahirisha, klabu ya mtaa haina sababu ya kuona haya.

Vazi la mpira linalombana mwogeleaji na kumsaidia kuelea lina kanuni yake pia. Kwa washiriki wa kawaida wanaoogelea hadi mita 1,500, kanuni za kimataifa hulipiga marufuku maji yanapozidi nyuzi 22. Bahari ya Pwani hushinda kati ya nyuzi 25 na 30, kwa hivyo hakuna haja ya kulinunua. Suala la mavazi ya kusitiri mwili kwa wanawake ni zito zaidi. Waandalizi wanaotaka akina mama na mabinti wa Mombasa, Lamu au Kwale wajitokeze wana wajibu wa kutangaza mapema, kwa maandishi, ni mavazi yapi yanakubalika, badala ya kumwacha refa aamue ufuoni asubuhi ya mashindano.

Kutoka majini, mshiriki hukimbilia eneo la kubadilishia, ambako baiskeli huwa zimepangwa kwa nambari. Hapa ndipo wageni wengi huangukia. Kanuni ni kwamba helmeti huvaliwa na ukanda wake kufungwa kidevuni kabla ya baiskeli kuondolewa mahali pake, na haufunguliwi hadi baiskeli irejeshwe. Si kabla ya kuipanda, bali kabla ya kuiondoa. Hakuna kuendesha ndani ya eneo hilo. Baiskeli husukumwa hadi mstari uliochorwa, na hupandwa baada ya kuuvuka. Wakati wa kurudi, ni lazima mtu awe ameshuka kabla ya kuugusa mstari. Vifaa vya kila mmoja hukaa kando ya baiskeli yake, na anayetupa miwani au kofia yake njiani huadhibiwa.

Je, ni lazima mtu awe na baiskeli ya mashindano yenye thamani ya mamia ya maelfu ya shilingi? Sivyo. Mashindano ya kijamii hukubali baiskeli za milimani na hata za kawaida za sokoni zikiwa salama. Wakaguzi huangalia breki zote mbili, magurudumu, na ncha za usukani, ambazo lazima ziwe zimezibwa kwa kuwa bomba lililo wazi huweza kumchoma mtu akianguka. Keria ya kubebea mizigo hung'olewa nyumbani, si mbele ya mkaguzi.

Kosa linalozua ubishi zaidi barabarani ni la kujibanza nyuma ya mwenzako ili akukinge upepo. Watazamaji wa televisheni huwaona magwiji wa Olimpiki wakienda kwa makundi, wakadhani kila mtu anaruhusiwa. Katika mashindano mengi ya washiriki wa kawaida, mtindo huo ni marufuku. Kila mwendesha baiskeli huacha nafasi ya mita 10 mbele yake, na akitaka kupita huwa na sekunde 20 kukamilisha kazi hiyo. Aliyepitwa ndiye anayepaswa kupunguza mwendo na kurudi nyuma, hata kama moyo unamuuma. Mwenye hatia huonyeshwa kadi ya buluu na kusimamishwa kwenye kituo cha adhabu. Aidha, nchini Kenya washiriki hukaa kushoto na kupita kulia, na sheria za trafiki hubaki palepale isipokuwa pale ambapo polisi wameifunga barabara. Bodaboda haijui kwamba kuna mashindano.

Vipokea sauti vya masikioni haviruhusiwi katika awamu yoyote. Anayezoea kukimbia na muziki aanze kuzoea kimya.

Kwenye mbio, mtu anaweza kukimbia au kutembea. Kutambaa hakuruhusiwi. Maji huchukuliwa katika vituo vilivyowekwa, si kutoka kwa jamaa aliyeko kando ya njia, na rafiki hawezi kukimbia sambamba na mshiriki akimpa moyo na kumpangia mwendo.

Suala la kusaidiana huwagusa wengi kwa kuwa linagongana na utu. Septemba 2016, mjini Cozumel, Mexico, Mwingereza Jonathan Brownlee alikuwa akiongoza alipoanza kuyumba kwa joto, umbali mfupi kabla ya kumaliza. Kakake Alistair alimshika, akamkokota hadi utepeni na kumsukuma avuke mbele yake. Ushindi ulimwendea Schoeman. Dunia nzima ilishangilia udugu huo, lakini kanuni zilizofuata zilisema waziwazi kwamba mshiriki anayemsukuma mwenzake mbele atafutwa pamoja naye. Kumpa aliyeanguka huduma ya kwanza au kumwitia daktari hakujakatazwa kamwe. Kinachokatazwa ni kumbeba kuelekea utepeni.

Marafiki wanaotaka kumaliza wakiwa wameshikana mikono nao wana la kujifunza kutoka Tokyo. Agosti 2019, Waingereza Jessica Learmonth na Georgia Taylor-Brown walivuka utepe pamoja, mkono kwa mkono, katika shindano la majaribio ya Olimpiki. Wote wawili walifutwa kwa kupanga sare, na ushindi ukapewa Flora Duffy wa Bermuda. Miaka miwili baadaye, Duffy alikiletea kisiwa chake kidogo dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo uo huo.

Kwa asiyeweza awamu zote tatu, zipo timu za kupokezana: mmoja aogelee, wa pili aendeshe baiskeli, wa tatu akimbie. Hapa ndipo Kenya ingepaswa kuanzia. Kijana aliyekulia kando ya bahari, fundi wa baiskeli na mkimbiaji kutoka Iten wanaweza kuunda timu moja itakayowatoa jasho wenye vifaa ghali. Chipu ya kupimia muda, inayofungwa kwenye kifundo cha mguu, ndiyo kijiti chao, na hukabidhiwa ndani ya eneo la kubadilishia pekee.

Umri huhesabiwa kufikia Desemba 31 ya mwaka wa mashindano, si siku yenyewe. Mzazi wa tineja anayekaribia kikomo cha umri uliowekwa na waandalizi anafaa kulizingatia hilo kabla ya kuja na cheti cha kuzaliwa na lawama.

Kila awamu pia ina muda wa mwisho, kwa kuwa barabara hazifungwi siku kutwa na waokoaji hawawezi kukesha majini. Aliyepitwa na muda huombwa kuondoka. Anayeamua mwenyewe kuacha njiani, kwa uchovu au kwa maumivu, anapaswa kumwarifu mwamuzi aliye karibu na kurejesha chipu kabla ya kwenda nyumbani. Hesabu ya waliotoka majini isipolingana na ya walioingia, boti hurudishwa baharini, na wapiga mbizi huendelea kumtafuta mtu ambaye pengine ameketi kwenye matatu akila karanga.