KUZALIWA KWA NDAMA: JINSI TULIVYOTENGENEZA PICHA ZA KUFUNDISHIA

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa wamepata kumwona ndama aliyekwisha kuzaliwa. Waliomwona akizaliwa, tangu dalili ya kwanza hadi kutoka kwa kondo la nyuma, ni wachache mno. Sababu yake si uvivu. Mwenye ng'ombe ana shamba, ana watoto, ana usingizi. Naye ng'ombe hatoi taarifa. Mfugaji aingiapo bandani asubuhi hukuta kazi imekwisha: ama ndama amesimama ananyonya, ama amelala maiti, na hapana awezaye kueleza kilichotokea katika saa zile za katikati.

Ni saa hizo za katikati ambazo mimi, mwalimu wa sayansi ya kilimo katika shule moja ya sekondari wilayani Rungwe, pamoja na bwana mifugo wa kata yetu, tuliazimia kuzionyesha kwa mfululizo wa picha. Watazamaji tuliowakusudia walikuwa wanafunzi wangu na kikundi cha wafugaji, ambao wengi wao ni akina mama wenye ng'ombe mmoja au wawili wanaofugiwa bandani na kulishwa majani ya kukatwa.

Msomaji atauliza: kwa nini picha zilizotulia, nasi tunaishi katika zama ambazo simu ya mkononi hupiga sinema? Swali hilo ni la haki. Sinema hukimbia. Tendo la saa nne hukatwa likawa dakika tano, na mtazamaji huondoka akidhani kwamba ndama hutoka upesi. Siku ya siku, akiona dakika kumi zimepita, hutafuta kamba na majirani wa kuvuta. Picha iliyotulia humngoja mtazamaji. Mwalimu aweza kusimama juu yake robo saa, akarudi nyuma, akaulizwa. Hii ndiyo iliyokuwa nguvu ya slaidi za zamani, vile vipande vya filamu vilivyofungwa katika fremu za karatasi na kumulikwa ukutani. Kampuni ya Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004, na filamu yake mashuhuri ya Kodachrome ikakoma kutengenezwa mwaka 2009. Vifaa vimekwenda, lakini namna ile ya kufundisha bado ni njema, na projekta ya kompyuta huifanya kazi ile ile.

Kumngoja ng'ombe

Mama mmoja wa kikundi alikubali tumtumie ng'ombe wake, chotara wa Friesian, aliyekuwa akitarajia uzazi wa pili. Tarehe aliyohimilishwa ilikuwa imeandikwa, na hilo ni jambo la kwanza tulilolipiga picha: ukurasa wa daftari. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi, pengine chache zaidi. Aliyehimilishwa tarehe 1 Januari hutazamiwa kuzaa yapata tarehe 10 Oktoba. Bila tarehe, hapana ajuaye lini aanze kukesha.

Tulihitaji mwanga wa mchana, na hapa tulitumia hila ambayo wafugaji wa Kanada waliieneza tangu miaka ya 1970. Ng'ombe akilishwa jioni tu katika majuma ya mwisho ya mimba, uwezekano wa kuzaa mchana huongezeka. Si kanuni isiyovunjika. Lakini kwa mfugaji ni faida hata kama hana kamera, kwa kuwa uzazi mgumu wa saa nane za usiku ni mgumu mara mbili. Mwenyeji wetu akaanza kuahirisha malisho hadi magharibi.

Siku tatu za mwisho dalili zilikuja kwa utaratibu wake. Kiwele kilijaa, chuchu zikawa ngumu. Kano za pande mbili za shina la mkia zikalegea, pakawa na mabonde mawili. Uke ukavimba na kutoa ute mzito. Kila asubuhi nilipiga picha ya sehemu hizo nikisimama mahali pale pale palipowekwa alama ya kigingi. Kamera ikisogea, mtazamaji hawezi kulinganisha. Ataona picha tatu za ng'ombe watatu.

Banda lilikuwa na giza. Tulibandua mbao nne za upande wa mashariki, wala hatukutumia taa ya kumulika ghafla. Hofu humfanya ng'ombe atoe homoni ya adrenalini, nayo hulegeza misuli ya mfuko wa uzazi, na uchungu waweza kusimama. Kamera ikawekwa juu ya miguu mitatu, hatua nne kutoka kwa mnyama, nyuma yake na kando kidogo. Weusi na weupe wa ng'ombe yule uliisumbua sana kamera: mara picha nyeupe tupu, mara nyeusi tupu. Dawa yake ilikuwa kupima mwanga juu ya gunia la katani, ambalo rangi yake si nyeupe wala si nyeusi, kisha kutobadili kipimo.

Tena tulitundika saa ya ukutani juu ya hori. Naiona saa hiyo kuwa kifaa kilichotufaa kuliko kamera yenyewe.

Saa nne na nusu

Saa 3:10 asubuhi ng'ombe aliacha kucheua, akawa analala na kuinuka, akigeuza shingo kutazama ubavu wake. Hii ndiyo hatua ya kwanza: mlango wa kizazi unafunguka. Huchukua saa mbili hadi sita, na kwa mtamba hata zaidi. Mtu hana kazi yoyote katika hatua hii ila kukaa mbali. Nilipiga picha moja kila robo saa, zote zikifanana, nikajiona mpumbavu.

Saa 6:25 mchana ikatokea chupa, yaani ule mfuko wa maji wa rangi ya kijivu, ukaning'inia na kupasuka. Hapo saa huanza kuhesabiwa kwa namna nyingine. Tangu chupa ionekane, ng'ombe aliyewahi kuzaa yampasa aonyeshe maendeleo katika muda wa saa moja. Na hata mtamba, zikipita saa mbili bila ndama, lazima aitwe mtaalamu. Saa 6:50 ikatokea kwato moja, uso wa chini ukielekea ardhini. Ndama aliyelala sawasawa hutanguliza miguu miwili ya mbele, na pua ikiegemea juu ya magoti, mfano wa mtu anayepiga mbizi. Tukangojea kwato ya pili.

Saa 7:05, kwato moja na ncha ya pua. Saa 7:15, vivyo hivyo; ng'ombe akisukuma kwa nguvu, ulimi wa ndama ukaanza kuvimba.

"Mwalimu," bwana mifugo akasema, "hiyo kamera iache. Njoo umshike mkia."

Niliiacha. Mguu wa pili ulikuwa umekunjika kwenye goti, na goti limeziba njia. Ng'ombe wa namna hiyo akivutwa kwa kamba, mguu uliokunjwa hujikaza zaidi katika nyonga, na mfuko wa uzazi waweza kuchanika. Bwana mifugo aliosha sehemu ya nyuma ya mnyama kwa maji na sabuni, akavaa mfuko mrefu wa plastiki mkononi, akaupaka mafuta. Alisubiri uchungu utulie. Katikati ya uchungu na uchungu akamrudisha ndama ndani kidogo kwa kusukuma kifua chake, akapata nafasi. Kisha akaifunika kwato ya mguu uliokunjwa kwa kiganja, isikwaruze ukuta wa mfuko wa uzazi, akalisukuma goti juu na kuivuta kwato mbele. Ilichukua dakika kumi na mbili. Mama mwenye ng'ombe alisimama penye kichwa cha mnyama, mkono juu ya paji lake, asitamke neno. Ndama yule ndiye aliyekuwa tegemeo la maziwa ya mwaka mzima, na ng'ombe yule ndiye aliyelipa ada za watoto wawili.

Miguu yote miwili ilipokuwa nje, tulifunga kamba juu ya kifundo, tukavuta mguu mmoja baada ya mwingine, na kwa wakati ule tu ambapo mama alisukuma. Kichwa kilipotoka tulivuta kuelekea chini. Saa 7:40 ndama alikuwa juu ya majani makavu. Jike. Picha inayofuata katika mfululizo wetu imepigwa saa 7:42, nayo imeinama upande, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na mafuta.

Baada ya kuanguka chini

Zamani ilikuwa desturi kumning'iniza ndama kwa miguu ya nyuma ili maji yamtoke mapafuni. Wataalamu wa leo hawaipendi sana. Maji mengi yatokayo hivyo hutoka tumboni, na uzito wa matumbo hulemea kiwambo cha pumzi, ndama akashindwa kuvuta hewa. Afadhali kumpangusa ute puani na kinywani, kumtekenya pua kwa unyasi, kumsugua kwa majani makavu, na kumkalisha juu ya kifua chake, miguu ya mbele ikiwa imekunjwa, ili mapafu yote mawili yapanuke. Picha hiyo ya ndama aliyekalishwa kifuani ndiyo wafugaji waliyotaka irudiwe mara nyingi kuliko zote.

Kitovu tulikichovya katika iodini. Kisha ikaja dang'a. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili za mama kwenda kwa mtoto. Ndama huzaliwa bila kinga yoyote ya kuazima, na kinga yote huipata katika maziwa ya kwanza. Utumbo wake huzipokea kingamwili hizo zikiwa nzima kwa saa chache tu, nao hufunga mlango yapata saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa hiyo yampasa anywe ya kwanza katika saa mbili za mwanzo, na katika saa sita awe amepata kadiri ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake: ndama wa kilo 35, lita tatu na nusu. Wapo wanaoikamua dang'a na kuimwaga wakiiona chafu kwa umanjano wake. Tuliweka picha ya glasi mbili juu ya meza moja, dang'a na maziwa ya siku ya saba.

Kondo la nyuma lilitoka saa 11 jioni. Likikawia kupita saa 24, ni ugonjwa, wala halivutwi kwa nguvu. Tulilizika mbwa wasilifikie, nasi tukanawa vizuri. Brusela, ugonjwa wa kutupa mimba, humwambukiza binadamu kwa maji ya uzazi na kondo; na mpiga picha asiyegusa kitu huigusa kamera iliyoguswa na aliyegusa.

Pengo

Zilikuwa picha 214. Tulibakiza 22. Picha za robo saa nilizozionea haya tuliziacha sita, zikifuatana, saa ya ukutani ikisogea na ng'ombe akiwa vile vile. Bwana mifugo alisema hizo ndizo somo lenyewe, kwa sababu ndizo zinazomfundisha mtu kungoja.

Shida ilikuwa kati ya saa 7:15 na 7:42. Palepale penye fundisho kubwa hatukuwa na picha hata moja. Mwenzangu mmoja shuleni alishauri tuchukue picha za ng'ombe mwingine kutoka mahali pengine na kuzipachika. Nilikataa. Mtazamaji akimwona ng'ombe mwekundu katikati ya mweusi, atauliza. Na asipouliza, itakuwa tumemdanganya. Tuliweka slaidi nyeusi yenye maneno haya: "Hapa mpiga picha aliitwa kusaidia."

Tulizionyesha kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa shule, wazee wakiwa wameombwa ruhusa mapema, maana katika nyumba nyingi watoto hufukuzwa bandani wakati wa uzazi. Kosa letu lilijitokeza mara moja. Picha ya kwato na pua tulikuwa tumeipiga kwa karibu sana, na babu mmoja wa mstari wa mbele akauliza huyu ni mnyama gani mwenye mguu mmoja unaotoka puani. Wanafunzi walicheka, mimi sikucheka. Tangu siku hiyo kila picha ya karibu hutanguliwa na picha ya ng'ombe mzima, pale panapohusika pamezungushiwa duara.

Slaidi nyeusi ilipofika, mama mmoja aliinuka. "Mwalimu, maneno tumeyasoma. Huo mguu mliukunjuaje?"

Hatukuwa na jibu la kuonekana kwa macho. Juma lililofuata wanafunzi walishona ndama wa gunia, wakamjaza maranda, wakamtia vijiti vyenye viungo vya kamba miguuni: mguu wa mbele, ambao kifundo na goti hukunjika upande mmoja, na mguu wa nyuma, ambao kifundo na kiungo cha juu yake hukunjika pande zinazokabiliana. Kwa tofauti hiyo mkono uliomo gizani hutambua umeshika mguu upi. Tulimpitisha katika fremu ya mbao yenye umbo la nyonga, ubavu mmoja ukiwa wazi, na bwana mifugo akarudia yale ya dakika kumi na mbili polepole, mbele ya kamera iliyotulia. Picha tatu za ndama wa gunia zimeingia mahali pa slaidi nyeusi, na chini yake imeandikwa kwamba ni wa gunia.

Gunia lenyewe hutembea na picha kila zinapokwenda. Akina mama hupokezana kulifanyia mazoezi huku wamefumba macho, na limekwisha kushonwa upya mara mbili.