Kosa la Kidole Huanzia Kwenye Unyayo

Mpira wa kwanza ulipita juu ya kichwa cha mdakaji ukaenda kugonga mwamba ulio nyuma yake. Wa pili ulidunda mita mbili tu mbele ya mrushaji mwenyewe. "Mwalimu, ni upepo," binti aliyerusha akaniambia huku akipangusa vumbi usoni. Simlaumu. Singida ina upepo ambao watu wamekwisha kuupigia hesabu za umeme, na kiangazi unavuma kutwa. Lakini upepo uleule haupaishi mpira mmoja na kuuzika mwingine ndani ya dakika moja.

Softiboli bado ni ngeni kwa wengi, kwa hiyo tuelewane kwanza. Ni ndugu wa besiboli, ila mrushaji hurushia chini: mkono unapanda mbele, unapita juu ya kichwa, unashukia nyuma, na mpira unaachiwa ubavuni, usawa wa nyonga. Katika shule za Tanzania mchezo huu umekuja zaidi kwa mkono wa Wajapani. Uwanja wa besiboli uliofunguliwa Azania Sekondari, Dar es Salaam, mwaka 2018 ulijengwa kwa msaada wao, na mashindano ya taifa yamepewa jina la uwanja wao maarufu, Koshien.

Kwa nini basi mpira mmoja juu na mwingine chini? Aliyewahi kuamia ndege kwenye shamba la uwele anajua. Ukizungusha kombeo ubavuni ukaachia kamba mapema, jiwe linachimba ardhi, ukichelewa, linapaa. Kitu kinachozungushwa, kikiachiwa, hufuata njia ambayo mkono ulikuwa unaelekea nukta ileile.

Na nukta hiyo ni fupi mno. Chukua mpira unaotoka kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, na umbali wa sentimita 60 kutoka bega hadi mpirani. Mkono ukizunguka duara kamili, katika kipande kimoja cha sekunde iliyogawanywa mara elfu unageuka nyuzi zaidi ya moja na nusu. Ukifika kwa mpigaji, mita kumi mbele, mpira umehama juu au chini karibu sentimita 28. Kwa kulinganisha, bamba lililo kando ya mpigaji lina upana wa sentimita 43. Vipande viwili vya namna hiyo vikipotea, mdakaji anakimbilia mwambani.

Kwa miaka kadhaa nilisimama pembeni nikipiga kelele, "Achia! Achia sasa!" Ulikuwa ujinga wangu. Hakuna sikio wala kidole kinachoweza kutii amri ndani ya muda huo. Kilichobaki kwa mwalimu ni kuacha kutazama vidole na kurefusha muda wenyewe, yaani kulinyoosha duara pale chini, ili mkono usafiri karibu sambamba na ardhi kwa kitambo kidogo. Hapo mpira ukitoka mapema au ukichelewa kidogo, bado unakwenda mbele.

Duara hunyooshwa na hatua. Mguu wa kushoto, kwa anayetumia mkono wa kulia, unaruka mbele na kuubeba mwili. Bega linasafiri, na kiwiko kilicholegea kidogo kinapunguza ule mviringo. Nilichora mstari kwa kijiti kutoka kwenye vidole vya binti hadi kwa mdakaji, nikamwambia arushe mara kumi, kisha tukachutama kusoma udongo. Hatuna kamera ya kupunguza kasi, lakini vumbi la Singida halifichi kitu. Nyayo saba kati ya kumi zilikuwa zimevuka mstari kwenda kulia.

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Mguu ukivuka, nyonga inafunga na kuziba njia, na mkono unalazimika kuizunguka kwa nje, kiwiko kikiwa mbali na mwili. Hapo mrushaji anaachia popote anapopata nafasi, mara mapema, mara kwa kuchelewa.

Dalili nyingine iko masikioni. Mkono ukipita vizuri, upande wa ndani wa kigasha unafuta nyonga kidogo, unapunguza mwendo, na kiganja kinachapwa mbele kama ncha ya mjeledi. Nguo inasikika: fyu. Nilipokuwa sisikii fyu, sikuhitaji kutazama mpira ulikokwenda.

Tuliufundisha mwili kinyumenyume. Kwanza hakuna duara wala hatua: simama mita nne kutoka kwenye mwamba, mkono uanzie ubavuni, fyu, achia. Baadaye nusu duara, kisha duara zima, na hatua mwishoni. Mpira halisi ni adimu, kwa hiyo tulijaza mchanga kwenye soksi na kuupima kwa mizani ya duka hadi kama gramu 190, uzito wa mpira wenyewe. Msizidishe uzito mkidhani mnamjengea mrushaji nguvu. Bega la mtoto litalipa. Ugumu hasa uliletwa na mchezo wa rede. Mabinti wetu wamekua wakirusha mpira wa makaratasi kwa kusukuma na bega, na mazoea hayo hayang'oki kwa siku moja.

Kuna wanaoamini kurushia chini hakuumizi. Wanamtaja Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mipira 413 katika siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na nchi yake ikatwaa dhahabu. Ueno alikuwa mtu mzima mwenye miaka mingi ya mazoezi. Sehemu ya mbele ya bega inavutwa vikali katika kila mzunguko, na binti wa kidato cha pili akisema panauma, mazoezi yake ya siku hiyo yamekwisha, hata kama mechi ni kesho.

Wiki ya tatu, nyayo tisa kati ya kumi zilikuwa juu ya mstari. Mipira bado ilikosea, ila sasa yote ilikosea upande mmoja: chini. Binti alinuna. Mimi nilifurahi, maana kosa lisilobadilika lina chanzo kimoja. Tukachutama tena. Vidole vya mguu wa mbele vilikuwa vimezama udongoni zaidi kuliko kisigino. Kifua kilikuwa kinatangulia.