Manowari Ndogo za Waswidi

Dola kubwa ikitaka manowari yenye nguvu zaidi, huongeza ukubwa. Mizinga ikiwa haitoshi, huongezwa mizinga mingine, na meli hurefushwa ipate mahali pa kuibeba. Dola ndogo haina njia hiyo. Fedha zake ni chache, mabaharia wake ni wachache, na kila kitu kinachoingizwa melini sharti kitoe kingine. Napenda kueleza jinsi Waswidi walivyolikabili jambo hili walipounda manowari za aina ya Visby, kwa maana wengi wetu huku bara huziona manowari katika picha tu, tukadhani kuwa kuziunda ni kazi ya kuunganisha mabamba ya chuma na kuweka mzinga juu.

Kwanza yafaa kuijua bahari yenyewe. Bahari ya Baltiki si bahari ya vilindi. Kina chake kwa wastani ni kama mita 55, nalo Ziwa letu la Victoria lina kama mita 40. Pwani ya Uswidi imejaa maelfu ya visiwa, na miamba mingi imejificha chini ya maji. Tena maji yenyewe si ya chumvi kamili wala si matamu: maji yaletwayo na mito hukaa juu, na maji mazito ya chumvi yaingiayo kutoka bahari kuu hukaa chini. Sauti ikipita katika matabaka hayo hupinda, kama vile fimbo ionekanavyo imepinda ukiichovya nusu yake katika ndoo. Kwa hiyo nyambizi ikijilaza chini ya tabaka, msikilizaji aliye juu aweza kuipita asisikie kitu.

Na nyambizi ndizo zilizowanyima Waswidi usingizi. Usiku wa tarehe 27 Oktoba 1981, nyambizi ya Umoja wa Kisovieti, ambayo Waswidi waliiita U 137, ilipanda mwamba karibu na Karlskrona, mji ambao umekuwa kituo cha jeshi lao la majini tangu mwaka 1680. Jeshi halikuwa na habari. Asubuhi yake mvuvi ndiye aliyeigundua. Ni kama mgeni amekwama dirishani pako usiku, nawe waja kuambiwa na jirani! Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1982, walisaka nyambizi katika maji ya Hårsfjärden, kusini ya Stockholm, wakatupa mabomu majini siku nyingi, na hakuna iliyoibuka. Wakati huo Uswidi haikuwa mwanachama wa muungano wowote wa kijeshi (iliingia NATO mwaka 2024), hata ikabidi ijitegemee.

Mwanzoni walikusudia aina mbili za manowari, moja ndogo na moja kubwa kidogo. Fedha zikawashauri vingine, na mipango ile miwili ikafanywa mmoja. Basi meli moja ilitakiwa isake nyambizi, itafute na kutegua mabomu yaliyotegwa baharini, tena iweze kupigana na meli nyingine. Kila kazi katika hizo huitaka meli iwe ya namna yake. Ya kusaka nyambizi yapasa iwe kimya. Ya kutegua mabomu yapasa isiwe na sumaku, kwa kuwa mabomu mengi hulipuka yakihisi chuma kikipita. Ya kupigana yapasa iwe na mbio.

Hawakukurupuka. Mwaka 1991 walishusha majini meli ya majaribio iitwayo Smyge, yenye urefu wa mita 30 tu, ambayo haikuwa ya vita bali ya kujifunzia. Mainjinia walijaribia humo mambo mengi, na mengine waliyaacha: Smyge ilikwenda juu ya mto wa hewa iliyofungiwa chini yake, lakini Visby haikuundwa hivyo. Naona hili ni jambo la busara kuliko yote katika habari hii. Kosa la meli ya tani 140 hulipika.

Mwaka 1995 kiwanda cha Kockums huko Karlskrona kikaagizwa kuunda meli zenyewe. Ya kwanza, Visby, ilishushwa majini mwezi wa Juni 2000. Urefu wake ni kama mita 73, upana mita 10 na kitu, uzito tani 640. Haina chuma ubavuni. Mwili wake umefanywa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa utomvu, na katikati mna povu gumu la plastiki, mfano wa slesi mbili za mkate zilizobana kitu kati. Uzito wa mwili kama huo ni karibu nusu ya ule wa chuma, wala hauna sumaku. Kwa nyenzo moja walipata mbio na usalama wa mabomu pamoja.

Sasa nieleze kujificha, maana ndiyo sifa ya meli hizi. Rada hutupa mawimbi, kisha hungoja yale yanayorudi. Wenzangu waweza kulijaribu jambo hili bwenini taa zikizimwa. Shika tochi karibu na jicho, umulike kioo kilichosimama wima mbele yako: mwanga wakurudia usoni. Kisha kiinamishe kidogo. Mwanga waenda darini, na wewe uliyeshika tochi waona giza. Ubavu wa Visby ni mabapa yaliyoinamishwa namna hiyo, hayana mviringo wala kona za kurudisha mawimbi yalikotoka. Hata mzinga wake wa milimita 57 hulaza mtutu wake ndani ya kifuniko mpaka wakati wa kupiga. Moshi wa injini, ambao joto lake huonekana kwa vyombo vya kisasa, hutolewa nyuma karibu na maji. Walioiunda husema kwamba rada haiwezi kuiona mpaka iwe umbali wa kilomita 22 bahari ikiwa shwari, au 13 ikiwa na mawimbi.

Rafadha nazo hazimo, kwa kuwa rafadha hupiga kelele ambayo nyambizi huisikia kutoka mbali. Badala yake maji huvutwa ndani na kusukumwa nyuma kwa nguvu. Kwa mwendo wa taratibu hutumia injini 2 za dizeli. Ikitaka kukimbia huwasha nyingine 4 za jinsi ya zile za ndege za jeti, ikapita kilomita 65 kwa saa. Kwa kusikiliza ina sona za namna tatu: moja imefungwa chini ya meli, moja huburutwa nyuma, na moja huteremshwa chini ya matabaka yale niliyoyataja.

Mpaka hapa msomaji atasema Waswidi wamefaulu kabisa. Ngoja kwanza. Walitaka pawe na banda la kuhifadhia helikopta, wakaona nafasi haitoshi, likaondolewa. Walipanga meli 6, zikaundwa 5. Na jambo zito zaidi, makombora ya kupigia ndege yaliyokuwa katika mpango yalifutwa na serikali mwaka 2008 ili kupunguza gharama. Kwa maoni yangu hapo ndipo walipokosea. Kujificha si ngao. Siku adui atakapoiona, mwili ule wa kaboni hautazuia kombora, na ndani mna watu 43. Kwa mpango wa kwanza 27 kati yao walikuwa maofisa na 16 vijana walioandikishwa kwa sheria, yaani watu wa umri kama wangu. Anayefuta silaha katika karatasi ofisini haketi pamoja nao.

Tena kulikuwa na kuchelewa. Meli iliyoshushwa majini mwaka 2000 haikuwa na mwenziwe popote wa kuulizwa, hata kila chombo kilipasa kujaribiwa upya ndani yake. Meli mbili za kwanza, Helsingborg na Härnösand, zilikabidhiwa jeshi Desemba 2009. Mwaka huohuo Uswidi ilipeleka manowari kulinda meli dhidi ya maharamia wa pwani ya Somalia, zikiwamo zile zilizobeba chakula cha msaada. Zilizokuja kwenye bahari yetu hii ya Afrika Mashariki zilikuwa Stockholm na Malmö, za aina ya zamani.

Mwaka 2014, mwezi uleule wa Oktoba, Visby yenyewe ilikuwamo katika msako wa wiki nzima miongoni mwa visiwa vya Stockholm. Jeshi lilitangaza baadaye kuwa chombo kigeni kiliingia majini mwao, walakini hakikukamatwa. Mwaka 2023, miaka 15 baada ya kufuta makombora ya kupigia ndege, serikali iliagiza makombora ya aina ya Sea Ceptor yawekwe katika meli zote 5. Nazo manowari zitakazofuata, ambazo zimepewa jina la aina ya Luleå, zimekusudiwa kuwa kubwa kuliko hizi.